Barakoa za kujikinga na moshi wa barabarani: ipi inastahili hela ya kijana

Foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam ikikwama, barakoa zinakufuata ulipo. Muuza maji anapita, muuza chaja anapita, na nyuma yao anakuja mtu mwenye rundo la barakoa nyeusi za sponji zimening'inia mkononi. Dereva wa bodaboda ananunua moja bila kuzima injini, anaivuta mpaka chini ya macho, na lori la kontena lililo mbele yake likikanyagwa mafuta, wingu jeusi linamfunika yeye na barakoa yake. Kinga aliyoipata hapo ni ya vumbi la barabarani na mainzi. Masizi ya dizeli yanapita kama kawaida.

Tathmini hii ni ya barakoa zinazopatikana kwenye foleni, maduka ya dawa, maduka ya vifaa vya ujenzi na maduka ya vifaa vya usalama kazini. Tumezipima kwa mahitaji ya mtu wa miaka 15 hadi 25 anayekaa barabarani saa nyingi: bodaboda, konda wa daladala, machinga, fundi wa gereji ya kandokando ya lami, na mwanafunzi anayesubiri gari asubuhi na jioni kwenye kituo chenye msongamano. Aliye na haraka achukue hili: nunua barakoa ya kukunja yenye vipande vitatu, ya kiwango cha KF94 (cha Korea Kusini), FFP2 (cha Ulaya) au N95 (cha Marekani), na ikiwezekana yenye mikanda ya kichwani badala ya kamba za masikioni. Aliyetulia sehemu moja penye moshi mwingi, kama fundi wa gereji, afikirie ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha. Sponji, soksi ya uso na kitambaa usivihesabu kabisa kama kinga ya moshi.

Kwanza, kwa nini tumeweka umri. Uwezo wa mapafu unaendelea kupanda mpaka karibu miaka 18 kwa wasichana, na kwa wavulana mpaka miaka ya ishirini ya mwanzo. Baada ya hapo ni kushuka taratibu hadi uzeeni. Kijana anayefika kileleni akiwa na mapafu madogo kuliko alivyopaswa kuwa nayo, anaanza kushuka akiwa tayari yuko chini. Kusini mwa California watafiti wa University of Southern California waliwafuatilia watoto kuanzia miaka 10 hadi 18, kila mwaka wakiwapulizisha kwenye kipima pumzi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2004 yalionyesha kuwa katika mji wenye chembe nyingi zaidi hewani, asilimia 7.9 ya vijana wa miaka 18 walikuwa wakitoa, katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu, chini ya asilimia 80 ya hewa inayotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chao. Katika mji wenye hewa safi zaidi walikuwa asilimia 1.6. Mwaka 2015 wakatoa sehemu ya pili: hewa ya eneo lile ilivyozidi kusafishwa, vijana wa miaka 15 wenye upungufu huo walipungua kutoka asilimia 7.9 katika kundi la miaka ya tisini hadi 3.6 katika kundi la 2007 hadi 2011.

Muuzaji akikutajia utafiti wa aina hiyo ili akuuzie barakoa, mkumbushe kuwa wale watoto waliokolewa na hewa ya eneo zima kusafishwa, yaani magari, mafuta na viwanda vilibanwa. Hawakuvishwa chochote usoni. Barakoa inapunguza kinachoingia kifuani kwa saa unazoivaa tu, na ndiyo maana swali la ubora wake lazima liende pamoja na swali la kama unaweza kuivaa kutwa.

Kuhusu hewa yenyewe, adui mkubwa ni chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini, zile zinazoandikwa PM2.5. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. Masizi ya dizeli ni madogo zaidi ya hapo, mengi yako kwenye mikromita 0.1 au pungufu. Wengi hudhani chembe ikiwa ndogo zaidi ndivyo inavyopenya kichujio kirahisi zaidi. Sivyo. Chembe inayopenya kirahisi ni ya ukubwa wa karibu mikromita 0.3, na ndiyo inayotumika kupimia N95. Zilizo ndogo kuliko hapo hutangatanga hovyo hewani mpaka zinagusa uzi wa kichujio na kunasa. Kwa hiyo kichujio halali kinamudu masizi. Tatizo linaanzia pembeni ya barakoa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kwenye pakiti pameandikwa asilimia 95, nao wanaamini wamepata asilimia 95. Ile namba ni ya kitambaa kilichobanwa kwenye mashine bila mwanya wowote. Uso una pua, mashavu yenye mabonde, kidevu kinachocheza ukiongea. Watafiti walipojaribu barakoa tisa zilizokuwa zikiuzwa kwa wakazi wa Beijing, matokeo yakachapishwa 2018, material yenyewe ilipitisha kati ya asilimia 0.26 na 29 ya chembe, kutegemea barakoa. Zilipovaliwa na watu halisi, kilichoingia ndani kilifika asilimia 68 kwa zile mbovu zaidi, hata mvaaji akiwa ametulia.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme una barakoa ya asilimia 95, lakini hewa moja kati ya tano unayovuta inapita kwenye mwanya wa karibu na pua. Asilimia 20 inaingia bila kuchujwa. Asilimia 80 iliyobaki inapita kwenye kichujio na kuacha 4. Jumla 24. Jirani yako ana barakoa ya asilimia 90 tu, lakini imemkaa vizuri na mwanya wake ni wa asilimia 5: inaingia 5, kisha 9.5 kupitia kichujio, jumla 14.5. Barakoa ya daraja la chini imemshinda ya daraja la juu kwa sababu ya uso. Kwa hiyo kila tunachosema hapa chini kinaanzia kwenye kingo, halafu ndipo kitambaa.

Sponji nyeusi za foleni. Shikilia moja dhidi ya taa ya simu. Mwanga utakaouona ukipenya ni njia ya masizi. Inavutika, inakaa vizuri usoni, haikeri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: inampa mtu hisia ya kukingwa huku ikipitisha karibu kila kitu kilicho kidogo. Soksi ya uso, ile wanayoiita kininja, iko kundi hilohilo. Ni nzuri kwa upepo, jua na baridi ya alfajiri. Kuna pia zile za kitambaa za "michezo" zenye vali mbili za plastiki na kikaratasi cha kichujio cha kuchomeka ndani. Ifungue uone: mara nyingi kikaratasi ni kidogo kuliko eneo la barakoa, hivyo hewa inapita pembeni yake, na vali nyingine ni kifuniko tu kisicho na ngozi ndani. Vali halali ina kiwambo chembamba cha mpira kinachofunga ukivuta pumzi na kufunguka ukiitoa. Ukivuta hewa kwa nguvu na kuhisi ubaridi unaingia kupitia pale kwenye vali, umenunua pambo.

Barakoa ya hospitali ya bluu, ile ya boksi la hamsini, ina kitambaa kizuri kuliko watu wanavyoidhania. Safu ya katikati ni plastiki iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba sana. Ila imetengenezwa kumkinga mgonjwa dhidi ya mate ya daktari, na pembeni mwa mashavu iko wazi kama dirisha. Kama ndiyo pekee unayoimudu, ifanyie hivi: ikunje katikati kwa urefu, funga fundo dogo kwenye kila kamba karibu kabisa na kingo, ifungue, kisha sukuma ndani ile nyama ya ziada inayojitokeza pembeni. Bana waya wa pua kwa vidole viwili, si kidole gumba kimoja, maana kidole kimoja kinaacha pembe juu ya pua. Inasaidia kweli. Kwa mwanafunzi wa nusu saa kituoni inatosha kuliko kukosa. Kwa mtu wa kutwa barabarani haitoshi, tena kwa unyevu wa Dar inalowa na kunywea mapema.

KN95 ndiyo iliyojaa sokoni tangu enzi za korona. Hii imekunjwa katikati kwa wima, ina kamba za masikioni, na kiwango chake ni cha China, GB2626, toleo la 2019. Kitambaa cha ile halali hatuna ugomvi nacho. Ugomvi uko kwenye umbo: mkunjo wa wima unaacha mwanya chini ya macho na chini ya kidevu kwa nyuso nyembamba, na vijana wengi wa miaka 15 au 16 wana nyuso nyembamba. Kamba za masikioni nazo hazina nguvu ya kuibana. Dawa yake ni kindoano cha plastiki kinachounganisha kamba mbili nyuma ya kichwa. Hata kipande cha mpira wa mkanda wa sketi kilichoshonewa vifungo viwili kinafanya kazi hiyo. Kwa kindoano tunaipandisha daraja moja zima. Bila kindoano, iko juu kidogo tu ya ile ya bluu.

KF94 ni ya Korea Kusini, na ilibuniwa kwa matatizo yanayofanana na yetu: vumbi linalosafiri na chembe za mjini. Ina vipande vitatu, juu, katikati na chini, hivyo inakaa mbali na midomo na haikufuati mdomoni unapovuta hewa. Mabawa ya pembeni yanafunika mashavu vizuri. Jambo linaloifanya ifae tathmini hii ni kwamba inatengenezwa kwa saizi zaidi ya moja, pamoja na ndogo. N95 ya Marekani haiidhinishwi kwa watoto, kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa "N95 ya watoto", hiyo peke yake inatosha kukufanya urudishe boksi rafuni. China nayo ina kiwango tofauti cha barakoa za watoto, GB/T 38880 cha 2020. Kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye uso mdogo, KF94 saizi ndogo ndiyo chaguo letu la kwanza. Kasoro: kamba za masikioni tena, na upatikanaji ni wa kubahatisha nje ya maduka makubwa na wauzaji wa mtandaoni.

N95 na FFP2 zenye mikanda miwili ya kichwani. Hizi ndizo tunazompendekezea bodaboda. Kwenye kundi hili umbo la vipande vitatu, kama lile la 3M Aura, linakaa kwenye nyuso nyingi zaidi kuliko lile la kikombe kigumu kama 3M 8210. Kikombe kina faida moja: hakinywei kwa jasho. Lakini helmeti inayofunika kidevu inakisukuma juu, nacho kikipanda kinafungua mwanya chini. Ile ya vipande vitatu inajikunja chini ya helmeti bila kuachia. Kama unaweza kuchagua, chukua yenye vali. Wakati wa korona vali zilikatazwa sehemu nyingi kwa kuwa zinatoa pumzi ya mvaaji bila kuichuja. Kwa moshi wa barabarani hilo halikuhusu, na vali inatoa joto na unyevu, jambo ambalo kwa Dar au Mombasa ni tofauti ya kuivaa hadi jioni au kuivua saa nne asubuhi.

Mikanda ina namna yake. Wa juu unakaa utosini, wa chini unakaa shingoni chini ya masikio, na havipishani. Mwenye rasta au nywele za kusuka avalie mkanda wa juu chini ya mafundo ya nywele, si juu yake, vinginevyo utateleza. Dada anayevaa hijabu anaweza kupitisha mikanda juu ya kitambaa, ila kingo za barakoa lazima ziguse ngozi pande zote. Kitambaa kikiingia chini ya kingo, hata kwa upana wa kidole, umefungua mlango. Ndevu vilevile. Ndevu za siku mbili tatu zinatosha kuharibu mbano, na hakuna barakoa ya bei yoyote kwenye orodha hii inayoshinda ndevu.

Ya mpira inayofunika nusu ya uso, kama 3M za mfululizo wa 6000, iko peke yake. Saizi zinajulikana kwa namba: 6100 ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa. Wauzaji wengi huweka ya kati tu, na kijana mwembamba akiambiwa "inakaa wote" asikubali. Vichujio vya P100 kama 2091, vile vya duara la waridi, vinanasa asilimia 99.97. Ni laini kama mkate wa chapati na vinalowa kwenye mvua. Kwa anayekaa nje, 7093 zilizo ndani ya kasha gumu la plastiki zinafaa zaidi. Mpira unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini baada ya kutoa vichujio, unakaushwa kivulini, na ukitunzwa unadumu miaka. Kwa fundi gereji anayesikiliza injini za dizeli kutwa, au kijana anayefanya kazi jirani na dampo linalofuka kama Dandora kule Nairobi, hakuna inayoikaribia.

Kwa bodaboda hatuipendekezi, na sababu si ubora. Haiingii chini ya helmeti ya uso mzima. Sauti inakuwa ya kwenye pipa, hivyo kila mteja akija inavuliwa ili bei ielewane, simu ikipigwa inavuliwa tena. Rudia hesabu: tuseme inapitisha asilimia 3 tu ikiwa usoni, lakini kati ya saa nane za kazi iko shingoni saa tatu. Saa tatu za asilimia 100 na saa tano za asilimia 3 zinakupa wastani wa karibu asilimia 39. KF94 inayovuja asilimia 20 lakini haivuliwi kutwa imeishinda karibu mara mbili.

Ukishaamua, jifunze kuikagua kabla ya kuwasha pikipiki. Vaa, bana waya wa pua kwa vidole vya mikono miwili kuanzia katikati kwenda pembeni. Funika barakoa kwa viganja bila kuigandamiza, kisha toa pumzi kwa nguvu. Upepo ukipiga machoni, waya wa pua haujakaa. Ukipiga mashavuni, rekebisha mikanda. Yenye vali ikague kwa kuvuta pumzi ndani: inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Ile ya mpira, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, shikilia sekunde kumi. Ikinywea na kubaki hivyo, imebana.

Ukaguzi wa kweli ni wa jioni. Ivue, igeuze, uiangalie upande wa ndani kwenye mwanga. Barakoa iliyobana inakuwa ya kijivu kwa nje, kijivu kilichoenea sawasawa, na ndani inabaki nyeupe mpaka kwenye kingo. Iliyovuja inaandika yenyewe: utaona michirizi myeusi imetoka kwenye kingo kuelekea ndani, mara nyingi miwili, kila upande wa mfupa wa pua. Hapo ndipo hewa ilipopitia. Kesho yake bana hapo. Michirizi ikirudi siku baada ya siku mahali palepale, umbo hilo si la uso wako, badilisha umbo kabla ya kubadilisha chapa.

Feki ni nyingi na zina dalili. N95 halali imechapwa kwenye barakoa yenyewe, si kwenye boksi tu: jina la mtengenezaji, neno NIOSH (taasisi ya Marekani inayoziidhinisha) lililoandikwa sawasawa, na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Ikiwa na kamba za masikioni, au imepambwa kwa maua na kitenge, itilie shaka. FFP2 inapaswa kuwa na EN 149 na alama ya CE ikifuatiwa na tarakimu nne. Herufi NR maana yake imekusudiwa kwa zamu moja, R inaweza kutumika tena. Ukinunua boksi, toa moja kafara: ikate kwa mkasi. Unatarajia safu tatu au zaidi, na ya katikati iwe nyeupe, laini, isiyonyonya maji. Dondoshea tone: likibaki juu kama kidonge, vizuri, likizama kama kwenye karatasi ya chooni, umeuziwa karatasi. Kipimo hiki kinafichua takataka tu. Hakithibitishi asilimia 95.

Sasa mambo ambayo hakuna hata moja kati ya hizi inayoyaweza. Moshi wa gari si chembe pekee, kuna gesi pia: naitrojeni dayoksaidi inayowasha njia za hewa na kuamsha pumu kwa walio nayo, na kaboni monoksaidi inayoleta maumivu ya kichwa. Kichujio cha chembe hakizigusi. Zile zenye safu ya mkaa zinapunguza harufu, na kwa harufu ya petroli kwenye foleni unaweza kuona nafuu, lakini mkaa ule ni kidogo, unajaa mapema, na kaboni monoksaidi hauishiki hata ukiwa mpya. Kwa hiyo fundi anayewasha injini ndani ya gereji iliyofungwa asijidanganye na P100. Afungue mlango au atoe gari nje.

Kinga ya gesi, na ya chembe pia, ni umbali, nayo haiuzwi. Vipimo vilivyofanywa pembeni ya barabara kuu ya Los Angeles na kuchapishwa 2002 vilionyesha kuwa chembe ndogo kabisa hushuka haraka ndani ya mita 100 za kwanza, na kufikia mita 300 zimekaribia kiwango cha kawaida cha mji. Kijiwe cha bodaboda kilichosogezwa kutoka mdomo wa stendi hadi mtaa wa nyuma kinawapunguzia watu wote hapo, wakiwemo ambao hawatavaa barakoa hata wapewe bure. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule apite mtaa wa ndani unaoenda sambamba na lami. Anayetaka kujua siku mbaya na saa mbaya, programu ya simu ya AirQo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, inaonyesha usomaji wa vipimo vilivyofungwa Kampala na miji mingine ya Afrika. Pale Kampala vingine vilifungwa juu ya bodaboda zenyewe. Hakikisha tu kituo unachokisoma kiko karibu na njia yako. Namba ya kilima chenye miti haikuambii kitu kuhusu Mombasa Road ya Nairobi.

Neno kwa wenye pumu, na kwa wasiojua kuwa wanayo. Utafiti wa Tupumue uliowalinganisha wanafunzi wa Mukuru na wa Buruburu jijini Nairobi uliwakuta watoto wa Mukuru wakiwa na dalili nyingi zaidi za kifua, ilhali waliowahi kuambiwa na daktari kuwa wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Kwa hiyo kijana wa mtaa wa moshi akivaa N95 na kubanwa akitembea tu, wakati wenzake wa rika lake wanaongea na kucheka ndani ya barakoa zilezile, asiilaumu barakoa na kuitupa. Aende kituo cha afya apimwe kifua kwa kupuliza. Aliyekwisha kuandikiwa dawa ya kupuliza atembee nayo. Shambulio likianza, barakoa inatoka kwanza, dawa inafuata. Asiye na chombo cha kupitishia dawa anaweza kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitakoni tundu linaloubana mdomo wa dawa bila kuachia hewa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa inafanya kazi kama ile ya dukani. Pulizo moja kwa wakati, kisha avute pumzi nne hadi sita kupitia mdomo wa chupa kabla ya pulizo lingine. Asipopata nafuu, ni hospitali, si kusubiri.

Kuhusu muda wa kutumia, hakuna tarehe. Barakoa ya kutupa inaisha inapolowa, mikanda inapolegea, waya wa pua unapokatika, au pumzi inapokuwa nzito kuliko jana. Kwenye joto la pwani nunua mbili za zamu: moja asubuhi, nyingine mchana, na iliyopumzika ikae ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaohifadhi jasho. Usiifue. Nyuzi za ndani zina chaji ya umeme inayovuta chembe, na sabuni au spiriti inaiua. Barakoa iliyofuliwa inarudi ikinukia vizuri na kuchuja vibaya, na kwa macho huwezi kuitambua. Vichujio vya ile ya mpira navyo havioshwi wala kupigwa kompresa. Tunajua mafundi hupenda kuvipuliza kama wanavyopuliza kichujio cha hewa cha gari ili virudi vyeupe. Upepo ule unatoboa njia ndogo kati ya nyuzi, pumzi inakuwa nyepesi ghafla, na mvaaji anafurahi kwamba kimesafishika. Kikiwa kizito kuvutia hewa, toa jozi nzima, kulia na kushoto kwa pamoja, weka mpya, andika tarehe pembeni kwa kalamu ya wino mzito.